Walioogea Beseni Moja

Kama mkononi una tonge, limeze kwanza. Au lirudishe sahanini, ulifunike, ukanawe, ndiyo uendelee kusoma. Mimi nimeshasema. Usije ukanitafuta baadaye unaniambia chakula hakipiti.

Jua lilikuwa linazama, na Wembe alikuwa amebakiza kazi ndogo tu: kukata vinyama viwili, kuvipaka rangi, kuosha vyombo, kufunga mlango na kwenda zake nyumbani. Wenzake walikuwa wameshatawanyika. Chumba kilikuwa nyuma kabisa ya hospitali, ubavuni mwa mochwari, na hakuna mtu aliyekuwa anapita kule kwa mapenzi yake.

Wembe si jina alilopewa na wazazi. Alipewa kazini, kwa ajili ya mkono wake. Daktari akikutoa uvimbe, wewe unadhani anautupa? Thubutu! Unapelekwa kwa akina Wembe. Unalowekwa kwenye dawa ya fomalini, ile inayochoma pua mpaka machozi yatoke, hadi unakuwa mgumu kama mpira. Kisha unazamishwa kwenye nta ya moto, na nta ikipoa unabaki katikati yake kama uchafu ndani ya kipande cha sabuni. Hapo ndipo mkono wa Wembe unapoingia. Anaifunga ile nta kwenye mashine, anazungusha mpini, krrt, krrt, nayo inatoka utepe mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu. Utepe anaulaza juu ya beseni la maji ya uvuguvugu ili ujinyooshe, anauopoa kwa kipande cha kioo, anaukausha, anautumbukiza kwenye rangi. Ya zambarau kwanza. Halafu ya waridi. Kesho yake daktari anaweka kioo chini ya hadubini na kusema nani atapona na nani aanze kuaga.

Katika kazi hiyo kuna sharti moja ambalo hata aliyeajiriwa jana analijua. Ukimaliza nyama ya mtu mmoja, kabla hujagusa ya mwingine, unafuta maji. Unachukua karatasi laini, unaiburuta juu ya beseni, inazoa vipande vyote vilivyobaki vinaelea. Usipofuta, kipande cha huyu kitagandia kwenye kioo cha yule. Wao wanakiita mgeni. Na mgeni wa namna hiyo ni balaa, maana mtu mzima wa afya ataambiwa ana saratani, atakatwa, na saratani yenyewe ilikuwa ya jirani.

Jioni ile vipande vilikuwa viwili. Cha kwanza kilikuwa cha mzee mmoja aliyetolewa uvimbe kisogoni. Cha pili kilikuwa cha mdogo wake.

Ndiyo. Mdogo wake, tumbo moja, kitinda mimba wa mama yao. Alikuwa na mtoto mchanga anayenyonya, na kwenye titi la kushoto alikuwa ameota kitu kigumu. Daktari wa upasuaji alikuwa hataki maneno mengi: kikionekana kibaya, titi linaondoka wiki hiyohiyo. Na mama yao alikuwa amekufa kwa saratani ya titi. Wembe ndiye aliyekuwa anambadilisha vitambaa, kwa hiyo harufu ya titi linalooza alikuwa anaijua kuliko mtu yeyote.

"Dada, usimwachie mtu mwingine," mdogo wake alikuwa amemwambia. "Nikate wewe, nipake wewe. Mkono wako ndio ninaouamini. Nataka nimnyonyeshe mwanangu mpaka achoke mwenyewe."

"We mtoto acha kuongea kama unaaga," Wembe alikuwa amemjibu, kwa ukali wa mtu mwenye hofu.

Basi. Alikuwa amekaa mbele ya mashine, amefunga nta ya yule mzee, ndipo aliposikia harufu.

Mle ndani harufu si habari. Kuna fomalini, kuna spiriti, kuna zailini inayonuka kama mafuta ya taa yaliyotiwa sukari. Pua ya Wembe ilikuwa imeshakufa ganzi. Lakini hii ilipita kati ya zote. Ilikuwa harufu ya kinywa. Kinywa cha mtu ambaye hajapiga mswaki tangu azaliwe, na chakula kimechachia humo kwenye mashimo ya meno.

Akageuka.

Kwenye dirisha dogo la kupokelea vipimo palikuwa na uso wa mzee. Alikuwa amefungwa kitambaa shingoni, kitambaa kilicholowa ute wa njano, na nzi walikuwa wanakizunguka bila haraka. Taya lake lilikuwa linatafuna. Taratibu, kwa upande mmoja, kama mbuzi.

"Shikamoo, mzee."

Hakuitika.

Mzee anayeshindwa kuitikia shikamoo, kaa naye mbali. Wembe akajikaza kisabuni. "Mzee, tumefunga. Majibu utapewa na daktari."

"Sijaja kwa majibu," mzee akanong'ona. "Nimemfuata ndugu yangu."

"Mochwari ni mlango unaofuata, baba. Pole sana."

"Hajafa. Unaye hapo mkononi."

Wembe akaangalia mkono wake. Ulikuwa juu ya ile nta.

Mzee akatoa kipande cha mkate mfukoni, akakitia mdomoni, akatafuna. Akatafuna tena... na tena, mpaka mate yakamtoka pembeni. Kisha akatumbukiza vidole kinywani, akatoa donge lililolainika, linavutika mate, na badala ya kulitupa akalipeleka nyuma ya shingo, chini ya kitambaa, kama mtu anayemlisha mtoto mgongoni. Vidole vikapapasa. Vikakuta patupu. Uso ukamshuka. Donge akalirudisha mfukoni na mate yake yote.



"Tulizaliwa pamoja," mzee akasema. "Mie nilinyonya. Yeye hakunyonya. Nimemtafunia miaka yote hii. Nirudishie, mwanangu. Ana njaa."

"Mzee wangu, kilichotolewa mwilini ni cha hospitali. Hairuhusiwi. Nenda kapumzike."

 Mzee hakukasirika, na afadhali angekasirika.

"Sawa," akanong'ona. "Akikosa pake, atajitafutia mahali."

Akaondoka dirishani. Harufu haikuondoka.

Wembe alisonya, akamwita mwehu kimoyomoyo, akarudi kwenye mashine. Alitaka ile nta itoke machoni pake. Akazungusha mpini mbiombio, krrt, krrt, akalaza utepe juu ya maji. Maji yakafanya mafuta, madoa ya mviringo kama juu ya mchuzi wa kichwa, na kwenye ukingo wa beseni ukajikusanya utando mweupe. Alikuwa hajawahi kuona nta ikifanya vile. Akaopoa kipande kimoja kwa kioo, akakiweka kando huku uso ameukunja, akaifungua nta ya mzee na kuitupia kwenye trei.

Na hapohapo, kwa haraka ya kutaka kumaliza, kwa kinyaa cha kutotaka hata kuyatazama yale maji, akafunga nta ya mdogo wake na kukata.

Hakufuta beseni.

Fundi wa miaka yote hiyo! Aliyekuwa anawagombeza wanafunzi wakisahau kufuta! Lakini ndivyo binadamu alivyo. Kitu kikimtia kinyaa anageuza uso, na ukigeuza uso huoni unachokikanyaga. Utepe wa mdogo wake ukaelea, mwembamba, mzuri, ukajinyoosha katikati ya yale madoa ya mafuta. Akauopoa.

Akapeleka vioo vyote viwili kwenye rangi. Akaviondoa nta kwa zailini, akavipitisha kwenye spiriti, akavitia kwenye zambarau, akavisuuza, akavitia kwenye waridi. Alipovitoa aliona kitu cha ajabu: kopo la rangi ya waridi lilikuwa limepungua. Kubwa zima, limeshuka hadi karibu na nusu, kama mtu amelinywa. Akasema labda linavuja. Akapapasa chini ya meza, hapakuwa na tone.

Akaweka kioo cha mdogo wake kwenye hadubini, kuangalia tu kama rangi imekaa. Kusoma ni kazi ya daktari, ila jicho la fundi nalo limeshaona mengi. Akaona vimirija vya maziwa, vimejipanga kama vinavyotakiwa. Akaona nyama iliyotulia. Moyo ukaanza kumshuka mahali pake. Akasogeza kioo kidogo pembeni.

Mgeni.

Alikuwa pembeni, mdogo, mwekundu kuliko vyote, amefyonza rangi mpaka imemvimbia. Hakuwa nyama ya titi. Alikuwa na ukingo mnene, laini, uliopindana kama ufizi. Na katikati ya ufizi huo palikuwa na mstari.

Kama mdomo uliofumbwa.

"Ah!" Wembe akajipiga paji la uso. "Beseni! Sikufuta beseni mimi mjinga!"

Unaona? Bado alikuwa anajilaumu kwa la kawaida. Akainuka, akamwaga maji yote, akasugua beseni kwa sabuni, akasuuza, akatia maji mapya, akabadilisha wembe wa mashine. Akakata tena nta ya mdogo wake. Utepe mpya, maji mapya, kioo kipya, akaandika namba kwa penseli kama kawaida. Akapaka rangi. Akaangalia.

Mgeni alikuwepo.

Na alikuwa amesogea. Sasa yupo katikati, karibu na vimirija vya maziwa.

Ule mstari ulikuwa umefunguka.

Wembe aliondoa jicho kwenye hadubini, akafikicha, akatazama tena.  Nje giza lilikuwa linaingia, taa ya dari inanguruma. Akakata mara ya tatu, lakini safari hii wembe ulikwama. Kitu kilikuwa kinauzuia. Akainama karibu na ile nta akatazama.

Unywele. Mweupe, mnene, umetokeza kwenye nta ya mdogo wake kama mche unaochipua. Akaukamata kwa kibano akauvuta. Ukaja... ukaja... ukaja. Haukuwa na mwisho, na ulikuwa umelowa, na kila ulivyotoka ulitoa ile harufu ya kinywa. Ulipokatika, shimoni ukabubujika ute mweupe mzito, ukateremka juu ya glavu yake. Ulikuwa wa moto. Na nta ile alikuwa ameilaza juu ya barafu kabla ya kuikata, ili iwe ngumu.

Alikimbilia kwenye sinki. Alitapika chai, akatapika wali wa mchana, akatapika mpaka nyongo, na alipomaliza alibaki ameegemea bomba akilia kama mtoto. Lakini akarudi. Ningekuwa mimi ningekuwa nyumbani chini ya kitanda, ila yeye alikuwa na mdogo wake kwenye ile nta. Daktari angekuja asubuhi, angeweka kioo, angeona kile kinyama chekundu kati ya vimirija na kusema kibaya, akatwe. Angekatwa aliye mzima, kwa kosa la dada yake.

Akakata upya, akapaka kioo cha tatu. Akatazama.

Mdomo ulikuwa umeshika mrija wa maziwa.

Unanyonya.

Hakuna rangi duniani inayofanya nyama iliyokufa isogee. Wembe alijua hivyo. Alishuhudia lile taya likibana na kuachia, kubana na kuachia, chini ya jicho lake, taratibu, kwa upande mmoja. Akakivuta kile kioo, akachukua ncha ya wembe, akaanza kukwangua. Kile kinyama kikajikunja. Hakikutoka. Akakwangua kwa nguvu, kioo kikalia mlio wa kukera meno, na ndani ya ule mlio akasikia mwingine, kutoka dirishani.

Nyam... nyam... nyam...

Mzee alikuwa amerudi.

"Ameshafika?" akanong'ona.

"Mzee, umenifanyia nini?" Wembe akafoka. "Yule ni mdogo wangu! Ana mtoto mchanga!"

"Maziwa yapo, basi."

"Mwondoe! Nakuomba kwa jina la Mungu, mwondoe!"

"Mie nilikuomba kwa adabu," mzee akasema. "Nipe kilicho changu. Chote. Kioo cha mdogo wako kitakuwa safi."

Sheria ikasahaulika palepale. Wembe akashusha kopo la mzee kutoka rafuni, lile lenye uvimbe wenyewe uliobaki baada ya daktari kuchukua kipande. Akafungua kifuniko. Fomalini huua kila harufu, lakini ile haikuwa imeuliwa. Ndani ya dawa lilikuwa limelala donge la rangi ya maji ya kuoshea nyama, lina nywele nyeupe zilizolala upande mmoja kama zimechanwa, lina ufizi, na kwenye ufizi kuna jino moja dogo, jeupe safi, la mtoto. Akalimwaga kwenye karatasi bila kulitazama. Akaongeza nta ya mzee, na kioo cha mzee, na vioo vyote vitatu vya mdogo wake. Akasukuma vyote dirishani.

Mzee akafungua kitambaa cha shingo. Nisingependa kueleza. Lakini nimeshaanza. Pale kisogoni palikuwa na shimo, kingo zake zimevimba na kunyevuka, na ndani yake punje za mkate uliotafunwa, zimechacha, zinatembewa na mabuu. Akalisukuma lile donge humo kwa kidole gumba. Fomalini ikamtiririka mgongoni. Hakushtuka hata kidogo. Akatafuna mkate, akatoa donge lenye mate, akalipeleka nyuma.

Akasubiri, kichwa kakiinamisha, kama anayesikiliza pumzi za mtoto.

Donge la mkate likaanguka chini, pwata.

"Hataki," mzee akanong'ona.

"Nimekupa vyote! Nakuapia, vyote!"

"Naona." Akalichomoa lile donge shimoni, akaligeuza kiganjani, akaliacha lianguke sakafuni kama mtu anayetupa kokwa. "Hili ganda tu. Mwenyewe hayumo. Ameonja cha mama, atarudi kwangu kufuata mkate?"

"Yuko wapi?"

"Walioogea beseni moja ni ndugu, mwanangu. Ndugu akikosa pake, huenda wapi kama si kwa nduguye?"

Taya lake likasimama. Kwa mara ya kwanza tangu aje, hakuwa anatafuna kitu. Alinyoosha shingo, akaigeuza kulia, akaigeuza kushoto, kama mtu aliyetuliwa mzigo aliobeba tangu tumboni mwa mama yake. Akatabasamu.

"Marahaba," akasema.

Akaenda zake. Alikuwa anatembea kama kijana.

Wembe alizoa lile donge kwa karatasi, akalitupa kwenye ndoo ya kuchomea, akamwaga dawa nusu chupa sakafuni na kusugua mpaka magoti yakauma. Kisha akafuta beseni. Akalifuta mara nyingi kuliko inavyotakiwa, kana kwamba kufuta kwa sasa kungerudi nyuma na kufuta kwa wakati ule. Akakata nta ya mdogo wake mara ya mwisho. Wembe wa mashine haukukwama. Hakukuwa na unywele. Akapaka rangi, akatazama pembeni, akatazama katikati, akatazama kila kona.

Kioo kilikuwa safi.

Akapiga magoti pale chini, akashukuru kwa machozi.

Asubuhi Daktari Miwani, mzee wa hadubini, alikaa na kile kioo kwa muda huku Wembe amesimama nyuma yake anatafuna kucha.

"Huyu ni ndugu yako, siyo?"

"Mdogo wangu, dokta."

"Mwambie atulie. Uvimbe wa kawaida tu wa anayenyonyesha. Titi lake zima kabisa, hakuna wa kuligusa. Nitampigia daktari wa upasuaji sasa hivi afute ule upasuaji." Akavua miwani, akaipangusa. "Ila Wembe, yule mzee wa kisogo, kioo chake kiko wapi? Na kopo naona halipo."

"Lilianguka, dokta. Nisamehe. Limemwagika lote."

Alitegemea kugombezwa. Daktari akaguna tu. "Bahati mbaya. Kilikuwa kitu cha kuona mara moja maishani. Kuna mimba inaanza na mapacha, mmoja anakosa nafasi, anafunikwa na mwenzake. Unamkuta ukubwani, kanyama tu, kana nywele, kana jino. Hakana uhai wowote, lakini kameishi humo kwa kunyonya damu ya mwenye mwili." Akarudisha miwani. "Akili yangu ilinichezea nilipokuwa nakakata. Nilidhani kameng'ata kisu."

 Wembe alitoka nje, akampigia mdogo wake.

"Umepona!" akasema. "Dokta kasema titi zima. Hakuna kukatwa!"

Kule upande wa pili mdogo wake akapiga kigelegele, akalia, akacheka. "Najua, dada! Mwenyewe nilijua. Tangu jana jioni haliniumi hata kidogo, kama mtu aliyekuwa kalibana kaliachia. Njoo, njoo nikukumbatie. Na ukija ninunulie mkate, basi. Mkubwa."

Alinunua mkate. Mchana, jua la utosini, watoto wanacheza barabarani, redio inaimba kwa jirani. Alikuta mlango wazi na mdogo wake amekaa kwenye mkeka, anapendeza, amesuka nywele. Wakakumbatiana mpaka wakaanguka. Kichanga kilikuwa pembeni kwenye kanga, kinalia.

"Mpe basi mwanangu anyonye," Wembe akasema, akikinyanyua. "Mama mkubwa nimekuja, tulia baba, tulia."

"Si anachagua! Tangu jana anataka la kulia tu. Nikimwekea hili la kushoto anageuza uso na kupiga kelele kama kaona mtu. Hebu niletee huo mkate, njaa inaniua."

Akamega kipande kikubwa, akakitia mdomoni. Akawa anaongea huku anatafuna. Anasimulia alivyolala vizuri, mumewe alivyofurahi, watakavyofanya sherehe mtoto akitimiza mwaka. Wembe alikuwa anatikisa kichanga na kucheka naye. Ikamchukua muda kugundua kwamba mdogo wake hajameza.

Anatafuna tu. Taratibu. Kwa upande mmoja.

Mdogo wake akaingiza vidole kinywani, akatoa donge lililolainika, linavutika mate. Maongezi hayakukatika. Kama mtu anayejikuna bila kujua, akafungua vifungo vya blauzi, akalipitisha lile donge upande wa kushoto, akalikandamiza kwenye titi. Ile harufu ikatoka humo ndani, nzito, yenye joto, ikajaa chumba kizima. Vidole vilipotoka vilikuwa vitupu.

"Unafanya nini?" Wembe akanong'ona.

"Nini?" Mdogo wake akajitazama, akacheka kwa aibu kidogo. "Aa, hii. Sijui hata nani kanifundisha. Nikifanya hivi linatulia, dada. Nikichelewa linaniuma."

"Twende hospitali. Sasa hivi. Wakalikate."

Mdogo wake aliacha kucheka. Akakusanya blauzi kifuani kwa mikono miwili, kama mama anayemfunika mtoto baridi isimpige.

"Likatwe la nini?" akasema. "Si umeniambia mwenyewe zima?"

Kichanga kikanyamaza ghafla mikononi mwa Wembe. Kilikuwa kimekodoa macho, kinaangalia blauzi ya mama yake, upande wa kushoto, pale nguo ilipokuwa inapanda na kushuka, inapanda na kushuka.

Mdogo wake akamega kipande kingine cha mkate.